Jinsi ya Kuwafundisha Watoto wa Shule Kuhusu Wanyama Wala Nyama: Mwongozo Kamili wa Mwalimu na Mzazi

Mtoto wa darasa la tatu anaweza kukutajia simba, chui, duma na fisi bila kuvuta pumzi, akapata alama zote kwenye mtihani. Mwonyeshe picha ya kicheche umuulize anakula nini, atabaki anakutazama. Orodha anayo, ila hajafundishwa kumsoma mnyama. Mwongozo huu una shabaha moja: mtoto akikutana na mnyama asiyewahi kumwona, aweze kukagua mdomo, macho na miguu yake, akisie chakula chake, na aeleze kwa nini amekisia hivyo. Nimeupanga kwa watoto wa darasa la 3 hadi la 5, kwa vipindi vinne au vitano. Mzazi mwenye paka na uwanja mdogo nyuma ya nyumba anaweza kuufuata pia.

Maandalizi

Vifaa ni vichache na vyote vinapatikana mtaani: fuvu la mbuzi pamoja na taya lake la chini, kamba yenye urefu wa mita 25 hivi, ndoo ya lita 10, chupa ya lita moja, kikombe kidogo cha mililita 100, boksi pana lisilo na kina, mchanga laini, na picha kubwa za wanyama. Kalenda za zamani zenye picha za hifadhi zinafaa kabisa.

Kichwa cha mbuzi utakipata buchani au kwa muuza supu. Kichemshe mpaka nyama ilegee, kwangua kwa kisu, loweka fuvu usiku kucha kwenye maji ya sabuni ya unga, lisugue kwa mswaki uliochakaa, kisha lianike juani. Fanya kazi hii mwenyewe kabla ya kipindi, watoto walikute safi.

Wakataze watoto kuokota mifupa porini. Mzoga wa mnyama aliyekufa kwa kimeta huacha vimelea vinavyodumu ardhini miaka mingi, na mtoto anaweza kuambukizwa kwa kuugusa tu. Tena kwa Tanzania, meno, kucha, ngozi na mafuvu ya wanyamapori ni nyara za serikali, na kuwa navyo bila kibali ni kosa la jinai hata kama uliviokota. Fuvu la mbuzi wa bucha linatosha kwa kila nilichoandika hapa.

Hatua ya 1: Anzia nyumbani, mbuga baadaye

Waambie watoto wataje wanyama wanaokula nyama na uandike ubaoni wanavyotaja. Utapata simba mara kumi. Wakishamaliza, uliza maswali haya moja moja: Mjusi wa ukutani anakula nini? Buibui je? Chura? Mwewe aliyebeba kifaranga wa jirani? Bundi? Vunjajungu? Kenge anayeiba mayai?

Hapa ndipo somo linapofunguka. Mtoto akisikia “nyama” anafikiria ng’ombe na mbuzi, kwa sababu ndiyo anayoiona sufuriani. Mweleze kwamba mwili wa mnyama yeyote ni nyama kwa anayemla: nzi ni nyama kwa mjusi, panya ni nyama kwa bundi, dagaa ni nyama kwa sangara. Ukifundisha kandokando ya Ziwa Victoria, mfano wa sangara hauna mpinzani. Samaki huyu aliletwa ziwani miaka ya 1950, akakuta aina mamia za furu, samaki wadogo wa ziwa hilo, akazila mpaka nyingi zikatoweka. Watoto wa Mwanza, Bukoba au Kisumu wamemwona sangara akipasuliwa, na wengine wamekuta samaki wazima tumboni mwake.

Mwisho wa hatua hii, orodha ya ubaoni iwe na wanyama wasiopungua kumi ambao watoto wamewahi kuwaona kwa macho yao.

Hatua ya 2: Wasome meno

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo. Ukiwa na kipindi kimoja tu, fundisha hii.

Anza na midomo yao wenyewe. Kila mtoto apitishe ulimi kwenye meno yake: ya mbele membamba ya kukatia, chonge zilizochongoka kidogo pembeni, kisha magego mapana ya nyuma. Watafune kipande cha muhogo au karoti huku wameweka vidole mashavuni, wasikie taya linavyokwenda juu na chini na pia kushoto na kulia.

Sasa lete fuvu la mbuzi, waachie walishike. Uliza: meno ya mbele ya juu yako wapi? Hayapo. Mbuzi ana ufizi mgumu juu, na meno ya mbele ya chini hubana majani dhidi ya ufizi huo. Baada ya hapo kuna nafasi tupu, halafu magego mapana yenye matuta. Mtoto mmoja ashike fuvu, mwingine alichezeshe taya la chini kushoto na kulia, waone magego yanavyosagana. Huo ndio mdomo wa mla majani.

Kisha onyesha picha ya simba anayepiga mwayo, au msubiri paka wa nyumbani apige mwayo wake baada ya usingizi. Paka wa nyumbani na simba wana meno 30 kila mmoja, na yamepangwa kwa mtindo uleule. Meno ya mbele ni madogo mno. Chonge ni ndefu, na kazi yake ni kushika na kuua. Magego ndiyo ya ajabu zaidi: hayana uso mpana wa kusagia, yana makali, na ya juu hupita ubavuni mwa ya chini kama visu vya mkasi. Taya la paka hufunguka na kufungika tu, haliwezi kusaga kwenda pembeni kama la mbuzi. Kwa hiyo paka hatafuni kama sisi. Hukata vipande na kumeza. Watoto wamtazame akila kichwa cha samaki: atainamisha kichwa upande mmoja, ili nyama ifike kwenye magego hayo makali.

Wakishalielewa hilo, watege. Onyesha picha ya kiboko aliyeachama, yenye zile chonge kubwa kuliko za simba, uliza anakula nini. Darasa zima litapiga kelele: “Nyama!” Kiboko anakula nyasi. Chonge zake ni za kupigana na viboko wenzake. Onyesha na dume la nyani, ambaye chonge zake zinatisha, na chakula chake kikubwa ni matunda, mizizi na mbegu, ingawa akipata mdudu au mtoto wa swala hamwachi. Kanuni ya kuandika daftarini ni hii: chonge zinaweza kudanganya, magego hayadanganyi. Magego makali ni ya kukata nyama, magego mapana ni ya kusaga, na mwenye aina zote mbili hula mchanganyiko. Mbwa ni mfano mzuri wa hao wa mwisho. Ana meno 42, baadhi ya magego yake ni makali na mengine, ya nyuma kabisa, ni mapana.

Kanuni hii ya meno ina walio nje yake, wapitie haraka. Mamba ana meno mengi yaliyochongoka yanayofanana, hana magego. Hatafuni kabisa: hung’ang’ania mnyama na kujizungusha majini mpaka kipande kinyofoke, na jino likimtoka huota jingine. Ndege hawana meno, hivyo wasome mdomo na kucha. Mdomo wa mwewe na wa tai umepinda kama ndoano kwa kuchania. Bundi hummeza panya mzima, kisha hucheua kitonge cha manyoya na mifupa. Kama shule ina mti ambao bundi hulala, vitonge hivyo viko chini yake. Vichukue kwa glavu, vimwagie maji ya moto, uwape watoto vibanio watenganishe mifupa. Fuvu dogo la panya litatoka mle.

Hatua ya 3: Macho, makucha na nyayo

Mla nyama anayewinda mara nyingi hutazama mbele. Paka, simba, bundi: macho yote mawili yanaelekea upande mmoja, na hiyo humsaidia kupima umbali kabla hajaruka. Swala, sungura na mbuzi wana macho pembeni mwa kichwa, wanaona karibu pande zote ili wasiviziwe. Kuwathibitishia, mtoto afumbe jicho moja na kujaribu kugusanisha ncha za penseli mbili akiwa amenyoosha mikono. Kisha arudie kwa macho yote mawili. Ataiona tofauti mwenyewe.

Watoto wataulizia macho ya paka yanayong’aa usiku. Nyuma ya jicho lake kuna tabaka linaloakisi mwanga, hivyo mwanga hafifu hutumika mara mbili. Waambie pia kwamba mng’ao peke yake si alama ya mla nyama, maana macho ya mbuzi na ng’ombe yakimulikwa tochi nayo hung’aa.

Kwa makucha, tengeneza sanduku la nyayo. Jaza mchanga laini wenye unyevu kwenye boksi, usawazishe kwa ubao, weka dagaa wachache katikati, acha nje usiku kucha sehemu ambayo paka na mbwa hupita. Asubuhi watoto wachore walichokuta kabla hawajaambiwa ni nani. Wayo wa paka una vidole vinne na hauna alama za kucha, kwa sababu paka hukunja kucha zake ndani atembeapo zisiwe butu. Wayo wa mbwa una alama za kucha. Chui na simba wako upande wa paka. Duma yuko katika jamii ya paka pia, lakini kucha zake hazifichiki zote. Humsaidia kushika ardhi anapokimbia kwa kasi inayokaribia kilomita 100 kwa saa, na wayo wake huonyesha kucha.

Kabla ya zoezi hili, liseme jambo moja kwa uzito na urudie: watoto wasimshike mbwa au paka wasiyemjua, wala wasimfungue mdomo hata wa nyumbani. Kichaa cha mbwa huenea kwa mate, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Asifiche kwa kuogopa kuchapwa. Wahakikishieni kwamba hawatachapwa, mwalimu na mzazi kwa pamoja.

Hatua ya 4: Nyosha utumbo uwanjani

Toa watoto nje na kamba. Utumbo wa paka ni kama mara nne ya urefu wa mwili wake, hivyo pima mita mbili hivi na uweke alama. Utumbo wa mbuzi mzima unazidi mita 20. Mtoto ashike ncha ya kamba, mwenzake atembee nayo mpaka iishe. Umbali ule watauzungumzia mpaka nyumbani.

Sasa uliza sababu. Majani ni magumu kumeng’enywa. Mbuzi hutegemea bakteria wengi wanaoishi kwenye tumbo lake kuyavunjavunja, hucheua na kutafuna tena, na safari ni ndefu. Nyama humeng’enywa upesi, haihitaji njia ndefu.

Hapa pana funzo la nyumbani. Paka hawezi kuishi kwa ugali mtupu. Kuna kirutubisho kiitwacho taurini ambacho mwili wake haujitengenezei cha kutosha. Hukipata kwenye nyama na samaki, na akikikosa kwa muda mrefu macho na moyo wake huharibika. Mbwa ameishi na watu maelfu ya miaka na tumbo lake limezoea wanga, kwa hiyo ugali wenye mchuzi na dagaa unamfaa.

Hatua ya 5: Kila mmoja na mbinu yake

Gawa darasa kwenye makundi, kila kundi lipewe mnyama mmoja na lije kuigiza jinsi anavyopata chakula. Wape maelezo mafupi haya.

Simba huvizia kwa kundi, na majike ndiyo hufanya sehemu kubwa ya uwindaji. Hukosa mara nyingi kuliko anavyopata. Chui huwinda peke yake, na mawindo yake huyapandisha mtini ili simba na fisi wasimnyang’anye. Duma huwinda mchana na hutegemea mbio fupi. Akishakamata hula haraka maana hana nguvu za kugombana. Kumtofautisha na chui: duma ana mstari mweusi kutoka jichoni hadi mdomoni na madoa yaliyojaa, chui madoa yake yamekaa kama maua. Mbwa mwitu hukimbiza mawindo kwa kundi mpaka yachoke, na wakirudi kwenye shimo huwatapikia nyama watoto na wenzao waliobaki kulinda. Tumbusi ni nadra kuua, hutafuta mizoga akiwa juu angani. Kichwa na shingo yake havina manyoya mengi, na tumbo lake lina asidi kali inayoua vimelea vya nyama iliyooza.

Fisi mpe muda wake. Watoto wetu wamekua wakisikia kwamba fisi ni mwoga, mlafi, mwizi wa mizoga, na wengine wameambiwa kwamba wachawi humpanda usiku. Usiwacheke wala kuwagombeza wakilisema hilo, ila waeleze kilichoonekana. Miaka ya 1960 mwanasayansi Hans Kruuk aliwafuatilia fisi madoa usiku katika bonde la Ngorongoro na Serengeti. Aligundua kwamba fisi wa Ngorongoro walikuwa wakiua wenyewe sehemu kubwa kabisa ya chakula chao, hasa nyumbu na pundamilia, na kwamba mara nyingi simba ndio waliokuja kuwapora. Mtu aliyepita asubuhi akakuta simba wanakula na fisi wamezunguka aliamini simba ndiye mwindaji, kwa sababu hakuyaona ya usiku. Koo za fisi huongozwa na majike, ambayo ni makubwa kuliko madume. Taya zake huvunja mifupa mikubwa, na chokaa ya mifupa hiyo ndiyo hufanya kinyesi chake kikikauka kiwe cheupe. Miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, ndiyo maana anaonekana kama anachechemea. Hajalaaniwa, ameumbwa hivyo.

Mimi huamini kwamba mtoto akishambadilishia fisi hukumu yake, amejifunza sayansi kuliko aliyekariri wanyama hamsini.

Hatua ya 6: Kwa nini simba ni wachache kuliko nyumbu

Jaza maji ndoo ya lita 10. Hiyo ni nguvu iliyomo kwenye nyasi. Chota lita moja tu ujaze chupa: hiyo ndiyo takriban inayobaki kwenye mwili wa nyumbu, kwa sababu nyingine imetumika kutembea, kupumua na kuleta joto, au imetoka kama kinyesi. Kutoka kwenye chupa, mimina mililita 100 kwenye kikombe. Hicho ndicho cha simba. Kila ngazi hupokea kama asilimia 10 ya ile iliyo chini yake. Waachie watoto waitazame ndoo, chupa na kikombe vikiwa vimepangwa sambamba, kisha uwaambie kwamba Serengeti ina nyumbu zaidi ya milioni moja, na simba wanahesabika kwa maelfu machache.

Darasa la tano wanaweza kwenda mbele zaidi. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi unaoshambulia mbwa uliingia Serengeti na kuua takriban theluthi moja ya simba. Virusi hivyo vilihusishwa na mbwa wa vijiji vilivyo kandokando ya hifadhi. Uliza: mwenye mbwa kijijini angefanya nini kumlinda simba? Chanjo ya mbwa wake ni sehemu ya jibu, na ni jibu ambalo mtoto anaweza kwenda nalo kwa baba.

Hatua ya 7: Pima uelewa

Usiulize “taja wanyama watano wala nyama”. Uliza haya.

Nimeona picha ya fuvu lenye chonge ndefu na magego mapana yenye matuta. Mwenye fuvu alikula nini hasa? (Mimea, au mchanganyiko. Apate alama zote akitaja magego kama sababu.)

Chora mnyama ambaye hayupo duniani, anayekula samaki usiku. Onyesha macho, meno na miguu yake, uandike sababu ya kila kimoja. (Sahihisha sababu, uzuri wa mchoro usihesabike.)

Kisiwa kina swala kumi. Je, simba mia moja wanaweza kuishi hapo kwa kula swala hao? (Hapana. Aeleze kwa ndoo, chupa na kikombe.)

Fisi ameua mbuzi wa mzee mmoja. Mzee ametia sumu kwenye mzoga ili fisi akirudi afe. Nani wengine watakufa, na mzee angefanya nini badala yake? (Tumbusi, ambao kwenye mzoga mmoja wanaweza kufa mamia, pamoja na mbweha, simba na mbwa wa kijijini. Kwa suluhisho, kubali zizi imara la miiba, mchungaji, au kuwafungia mbuzi mapema jioni. Mtoto wa Simanjiro anaweza kukutajia boma hai, yaani miti iliyopandwa kuzunguka zizi na kufungwa wavu wa chuma. Huyo mwombe aje mbele awachoree wenzake linavyojengwa.)